Naomba ushauri: Mchezo wa kuigiza kwenye ukumbi usio na jukwaa, watazamaji wakae wapi na nani afanye nini?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu cha mtaani kinaandaa mchezo wa kuigiza, tumepewa ukumbi wa shule. Ni chumba kirefu tu, hakina jukwaa wala pazia, viti vya plastiki tutakodi. Mwongozaji wetu ndiye aliyeutunga, ndiye mhusika mkuu, na tiketi anauza yeye. Akisema "nenda kushoto", nusu wanaenda kulia, mazoezi yanageuka ubishi. Wajuzi nisaidieni, natanguliza shukrani.

Mkaa Pembeni
Na soda wakati wa mapumziko anauza nani? 😂 Naweka kambi hapa.

Mzee wa Jukwaa
Kushoto ni kwa mwigizaji akiwa ameitazama hadhira. Mwongozaji aliyekaa kwenye viti ndiye wa kugeuza kichwani mwake. Ubishi ufe hapo.

Jukwaa la pazia, lile la watu kukaa upande mmoja tu, kwenu silishauri. Linataka sakafu iliyoinuliwa na nafasi pembeni za waigizaji kujificha wakisubiri zamu. Kwenye sakafu bapa, aliyekaa safu ya sita ataona visogo vya wenzake basi. Kuna la watazamaji pande tatu, na kuna la duara, ambalo kila aliyewahi kusimama kwenye ngoma analijua. Duara ni tamu ila halina huruma: kila ukigeuka kuna mtu umempa mgongo, na huwezi kuweka kabati wala ukuta wa kuchora.

Chumba kirefu mimi ningepanga viti safu mbilimbili kwenye kuta ndefu, watu watazamane, waigizaji wapite katikati. Kila mtu anakuwa karibu. Ubaya wake, mwigizaji mwenye sauti ndogo hana pa kujificha.

Mama Maleba
Mwanangu, tatizo lenu kubwa si viti. Hamna msimamizi wa jukwaa! Tafuteni mmoja asiyeigiza, ikiwezekana yule dada wa kikundi anayekumbuka nani anadaiwa mchango. Akae na mswada wenye pembeni pana, aandike kwa penseli nani anaingia wapi, taa inazimwa kwenye neno gani, ngoma inapigwa lini. Siku ya onyesho yeye ndiye anayeamuru. Kazi ya mwongozaji inaishia kwenye mazoezi, na huyo wenu aamue: aongoze au awe mhusika mkuu. Akiwa ndani ya tukio hawezi kujua linaonekanaje nje.

Wengine: mtu wa maleba (mavazi ya waigizaji), mtu wa vifaa, mtu wa taa na sauti. Mwenye tiketi akae mlangoni asisogee. Vifaa viwekeni kwenye meza iliyotandikwa karatasi ya manila, kila kimoja kichorewe umbo lake. Ukiona mchoro wa panga na panga halipo, unajua mapema kuna mtu kaondoka nalo. Pa kukaa viti na kitanda wekeni alama za utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni, mazoezi yasianze upya kila siku.

Kijana wa Mbagala
Asanteni sana, mama na mzee. Msimamizi nimeshampata, kweli ndiye mweka hazina 😂. Swali la mwisho: kuna jamaa anataka tulipue fataki kwenye tukio la vita.

Mzee wa Jukwaa
Mwambie mwaka 1613 ukumbi wa Globe kule London, ule wa kina Shakespeare, uliteketea wote kwa sababu walifyatua mzinga katikati ya onyesho, cheche zikashika paa la nyasi. Nyie mna viti vya plastiki, na milango ya kutokea sijui ni mingapi. Pigeni debe tupu kwa rungu nje ya dirisha, msimamizi akitoa ishara. Linashtua vizuri tu.