Watoto niwahamishie shule ya Mokowe au niwaache wasome hapa Amu?

Mama wa Wawili, Langoni

Assalaam aleikum wazazi wenzangu. Naomba rai zenu, hasa mlio hapa Amu, kisiwani Lamu, na mlio ng'ambo ya bahari, Mokowe, maana Januari iko karibu na baba watoto anataka jibu.

Nina watoto wawili. Wa kike yuko gredi ya 3, wa kiume gredi ya 1. Wanasoma shule ya serikali hapa mjini, karibu na nyumbani. Asubuhi dada humshika mdogo wake mkono wakaenda kwa miguu. Wakirudi wanakula, wanabadilisha nguo, na baada ya alasiri wako chuoni kusoma Kurani. Binti ameshamaliza Juzuu Amma na chuo chake anakipenda kwa dhati.

Baba yao anafanya kazi kwenye ofisi za kaunti kule Mokowe na huvuka kila siku. Wenzake wamepeleka watoto shule moja ya kibinafsi huko: darasa dogo, Kiingereza tangu chekechea, chakula cha mchana hapo hapo. Anasema watoto wavuke naye asubuhi, warudi naye jioni.

Na sababu anayo. Darasa la binti yangu wako sabini na kitu, mwalimu mmoja. Juzi usiku nilimkalisha barazani na kitabu cha sayansi cha gredi ya 4, cha mtoto wa jirani. Akaweka kidole chini ya mstari akausoma ukurasa mzima, kila neno amelitamka, hakuna alichoelewa. Nikafunga kitabu nikamuuliza: sufuria ikichemka, maji huenda wapi? Akanieleza mvuke, akanieleza kwa nini kifuniko hutota kwa ndani, akaniambia na nguo tunazoanika darini ni hivyo hivyo. Akili anayo mwanangu. Kiingereza ndicho hana, na mwakani karibu masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza.

Lakini wakirudi na baba yao, magharibi inakaribia. Nikiwatoa shule hii nimewatoa na chuo. Halafu kuna bahari, kila siku, na mdogo ana miaka saba tu. Karo tunaweza kuibeba tukijikaza, ila tutajikaza kweli. Nyinyi mngefanyaje?

Kijana wa Mkomani

Dada, hamisha. Watoto sabini kwa mwalimu mmoja, huyo mwalimu hata akiwa malaika atasahihisha madaftari ya wangapi? Mtoto mkimya hukaa nyuma mwaka mzima bila kuulizwa swali. Baba yao yuko tayari kulipa na kuvuka nao. Wengi hapa wanaitafuta nafasi hiyo na hawaipati.

Nahodha wa Gadeni

Mama, mimi hubeba abiria wa Mokowe, basi nizungumzie bahari tu.

Safari yenyewe ni fupi na siku nyingi haina shida. Lakini muhula wa pili huanza mwisho wa Aprili na kufungwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, yaani wote uko ndani ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, na mwanzo wake ni masika. Kuna asubuhi watoto watafika wametota kabla ya kengele. Hilo si la kuwazuia, ni la kujipanga: nguo za kubadilisha, na mfuko wa plastiki wa madaftari.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze ni jaketi za kuokolea. Vyombo vingi vinazo za watu wazima. Mtoto wa miaka saba akivaa ya mtu mzima, akiingia majini inampanda kichwani na yeye anateleza kwa chini. Nunua za saizi yao, ziwe zao, wazivae kuanzia gatini huku mpaka gatini kule, na baba asione haya kumwambia nahodha asubiri wafungwe vizuri. Na mwingie chombo chenye leseni ya mamlaka ya bahari, kisichojazwa kupita kiasi. Jioni kila mtu anataka kuwahi nyumbani, na hapo ndipo watu husongamana.

Bint Shela

Mwenzangu, mimi wangu yuko shule ya kibinafsi mwaka wa pili sasa. Kiingereza amepata, sikufichi. Lakini ulizia yasiyoandikwa kwenye karatasi ya karo. Shule ya serikali vitabu vya kiada vinaletwa na serikali, huku nanunua mwenyewe, kila mwaka orodha mpya. Chakula ni pesa mbali, yunifomu ni ya kwao na inauzwa kwao.

Kuhusu chuo, nilimtafuta maalimu anayemsomesha nyumbani Jumamosi na Jumapili. Anasoma, alhamdulillahi, ila si sawa na kukaa na wenzake kila siku. Wenzake wamemtangulia na hilo humliza. Kama binti yako anakipenda chuo hivyo, muulize yeye. Miaka tisa ni mtu wa kuulizwa.

Mwalimu Mstaafu, Mpeketoni

Mama, nimesomesha madarasa ya chini miaka mingi, kwa hivyo niruhusu nirefushe.

Hilo uliloliona barazani si ila ya mtoto wala ya shule. Mtaala wetu unataka kuanzia chekechea mpaka gredi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na kwenu Amu ni Kiswahili. Gredi ya 4 ndipo Kiingereza kinapochukua nafasi. Wengi huyumba muhula wa kwanza. Mwenye msingi wa kusoma na kufikiri, kama huyu aliyekueleza mvuke, huinuka akisaidiwa. Nasisitiza akisaidiwa, kwani kwenye darasa la sabini hatasaidika peke yake. Anahitaji mtu wa kusoma naye Kiingereza nusu saa kila jioni, vitabu vya hadithi vya kiwango cha chini yake, si kitabu cha sayansi. Akizoea kuelewa hadithi, sayansi itafuata.

La pili, usihesabu kwamba unachagua shule ya miaka mitatu. Tangu 2023 gredi ya 7, 8 na 9, yaani sekondari ya chini, nyingi ziko ndani ya shule za msingi zile zile. Waulize wa Mokowe: wamesajiliwa kwa sekondari ya chini? Kama hawana, utahamisha tena baada ya gredi ya 6. Tena matokeo ya gredi ya 6 siku hizi yana uzito, ni asilimia 20 ya alama zinazompeleka mtoto gredi ya 10.

La tatu, ukiamua kuhama, hama Januari. Gredi ya 3 binti hupewa namba ya tathmini na baraza la mitihani, na anayo namba yake kwenye mfumo wa wizara. Hakikisha shule ya zamani imemwachilia kwenye mfumo na mpya imempokea. Nimeona wazazi wakihangaika na hilo siku za kusajili mtihani, wakati lilikuwa la kumalizwa siku ya kwanza.

Na kuhusu saa. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya darasani kwa shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kinachofuata ni michezo na mengineyo. Basi kinachowanyima chuo ni kumsubiri baba atoke kazini. Kama kuna mtu mzima mnayemwamini anayevuka mapema, hesabu yako inabadilika.

Kwangu mimi, ningetofautisha watoto. Mdogo hana haraka yoyote. Ana miaka miwili mizima ya kusoma kwa lugha yake kabla ya gredi ya 4. Msimtoe kwa sababu tu dada yake anatoka.

Mama wa Wawili, Langoni

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nahodha, jaketi sikuwa nimezifikiria kabisa, nimemsomea baba yao neno kwa neno.

Nimemuuliza binti. Amesema akiachiwa chuo chake atasoma Kiingereza hata usiku. Halafu akauliza kama mdogo wake ataweza kwenda shule bila yeye. Hapo nikajua jibu langu.

Tumezungumza na baba watoto. Mdogo habanduki. Binti ataanza gredi ya 4 hapa hapa, na nitakwenda kumwona mwalimu mkuu niombe akae mbele. Jioni baada ya isha tunasoma pamoja, mimi na yeye, na wikendi baba yake. Likizo ya Aprili tutakaa chini tena. Akiwa bado anasoma bila kuelewa, tutaangalia shule nyingine hapa hapa mjini kabla ya kufikiria kuvuka. Baba hakufurahi sana lakini amekubali, na mwenyewe ameahidi kuulizia kuhusu sekondari ya chini kule Mokowe tusije tukaamua gizani.

Kijana wa Mkomani, sikupuuzi. La watoto sabini linaniuma, na mkutano ujao wa wazazi nitasimama nilizungumze mbele ya kamati.

Sasa natafuta vitabu vya hadithi vya Kiingereza vya gredi ya 2 na ya 3, hata vilivyotumika. Mwenye navyo Langoni, Mkomani au Shela aniandikie hapa, nitavifuata mwenyewe.