Siku moja ufuoni Kisumu: Dunga, Hippo Point au tuvuke hadi Takawiri?

Mama Wawili (Nakuru):
Hamjambo wenzangu. Watoto wanataka Mombasa, mfuko unasema Kisumu. Kwetu ziwa lipo, lakini ni la magadi, tena limo ndani ya mbuga. Huendi tu na mkeka wako ukakaa. Ijumaa tutalala kwa shemeji Mamboleo, kwa hiyo Jumamosi yote ni yetu. Tuna watoto wa miaka 6 na 9, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Hatutaki makuu: upepo, samaki, watoto wachafuke. Twende wapi?

Nyar Dunga:
Dunga, na mje mapema. Saa mbili, saa tatu asubuhi ziwa bado limetulia na mashua zinaingia. Watoto wataona mbuta wakishushwa, na omena waliovuliwa usiku kwa taa wakianikwa kwenye nyavu. Mkiwa na bahati, kwenye mafunjo mtamwona yule ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye haishi kwingine ila humo. Samaki mtakula palepale.

Jioni Njema:
Kwa kukaa tu, mimi ni Hippo Point. Kisumu iko mashariki mwa ghuba, kwa hiyo jua linazamia majini mbele ya macho yako. Msiende kabla ya saa kumi, mtaungua bure. Viboko msiwategemee, na wakitokea msiwasogelee. Karibu na hapo kuna Impala Sanctuary, ndogo kiasi kwamba watoto wanaimaliza kabla hawajaanza kulalamika. Kuna swala pala na nzohe.

Mvuvi Mstaafu:
Nyote mnasifu tope. Anayetaka mchanga mweupe aende Takawiri. Mnapitia Ndori hadi Luanda Kotieno, feri mpaka Mbita, kisha boti. Njiani watoto wanapanda mawe ya Kit Mikayi.

Nyar Dunga:
Kwa siku moja, mzee? Na magoti hayo? Takawiri ni ya kulala.

Mvuvi Mstaafu:
Haya, kwa hilo umenishinda. Ila mchanga ni mchanga.

Muuguzi wa Zamu:
Mama Wawili, kabla watoto hawajavua viatu: ziwa hili lina kichocho. Konokono wake hukaa maji ya kina kifupi yenye majani, palepale mtoto anapopenda kuchezea. Wanaotaka kuogelea watafutieni hoteli yenye bwawa. Ufuoni wachimbe, wakimbie, warushe mawe.

Mvuvi Mstaafu:
Sisi tumekulia humo majini na tuko hai.

Muuguzi wa Zamu:
Na ndiyo maana watoto wa shule za huku ziwani hupewa dawa ya kichocho, mzee wangu.

Mpwani Huku Bara:
Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa Kisumu. Kwetu ukitandika mkeka bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi, bahari itakuamsha; siku za bamvua yanaweza kupanda kwa zaidi ya mita 3. Hapa hakuna kujaa wala kupwa kwa kuonekana, tandika utakapo. Cha kuangalia ni upepo. Alfajiri hutoka nchi kavu, mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani, mawimbi yakaamka. Basi boti ni asubuhi, na kila mtoto awe na jaketi okozi la kimo chake, siyo la baba yake. Upepo huohuo ndio unaosukuma gugu maji: leo ghuba wazi, kesho kijani kitupu, kwa hiyo ulizeni siku hiyohiyo. Samaki wa kupaka nilimlilia mwanzoni. Kisha nikapewa ngege aliyekaangwa, akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali moto. Kilio kikaisha.

Mama Wawili (Nakuru):
Asanteni sana. Asubuhi Dunga na boti fupi, mchana shosho apumzike kwa shemeji, jioni Hippo Point. Takawiri ingoje likizo ya Desemba, Mzee Mvuvi usinikasirikie. Samaki wa watu watano ni pesa ngapi?

Nyar Dunga:
Inategemea ukubwa na msimu. Mchague wenyewe akiwa mbichi, mkubaliane bei kabla hajaingia mafutani. Na shosho mwombeeni kiti kwa akina mama wanaokaanga, hawatamnyima.