Wakuu, PhD ya uhandisi yenye ufadhili kamili mnaipataje?

Fundi_Maji: Wakuu salaam. Nina mastazi ya uhandisi wa maji, niko Mbeya kwa kazi za mkataba mkataba tu. Mwaka wa pili huu natafuta PhD yenye hela, kila nikigugo skolashipu naletewa matangazo yaleyale ya vyuo vya kujilipia. Maprofesa kama 40 nimewaandikia, waliojibu wawili, mmoja hana fungu, mwingine ni mashine inasema yuko likizo 😂 Nakosea wapi? Umri nao huo, 33.

Kipupwe: Mkuu acha kutafuta skolashipu, tafuta KAZI. Niko Sweden mwaka wa tatu, huku PhD ni ajira, inatangazwa kwenye ukurasa wa nafasi za kazi wa chuo pamoja na za wahasibu, ada hakuna hata kama umetoka Mbeya, mshahara unakatwa kodi na likizo unapewa. Ni miaka 4, ukifundisha inasogea hadi 5. Norway ingia Jobbnorge, Uholanzi AcademicTransfer, Ulaya yote EURAXESS. Ujerumani ukikuta TV-L E13 65% (TV-L ni jedwali la mishahara ya watumishi wa majimbo, E13 ni ngazi) ujue unalipwa asilimia 65 ya mshahara wa ngazi hiyo, kazi sasa, we fanya tu mia kwa mia. Halafu kuna zile Marie Curie Doctoral Networks, nafasi za PhD zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya, hawataki mtu aliyekaa nchi ya chuo zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita, kwa hiyo wewe uko vizuri.

Dada_Kemia: Hebu tubandikie hiyo imeili kwanza

Fundi_Maji: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mchapakazi kutoka Tanzania, naomba nafasi yoyote ya PhD katika maabara yako." Ya Kiingereza lakini ndo hivyo hivyo

Dada_Kemia: Hiyo "yoyote" ndo imekumaliza kaka. Sikucheki, mi nilikopi nikapesti mpaka jina la profesa mwingine likabaki humo, akanijibu kwa upole kwamba nadhani barua hii ni ya mwenzangu. Niliona aibu wiki nzima. Baadaye nikakaa na pepa moja ya kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa, nikamwandikia mwenyewe mistari sita tu, kwamba maji yetu ya upande wa Meru yana bikaboneti nyingi, je mkaa wenu mmeujaribu kwa maji ya namna hiyo au ya maabara tu? Siku mbili akajibu, tukaongea, nafasi ilipotangazwa akaniambia niapulai. Ushindani ulikuwepo bado, ila jina langu alishalijua.

Mzee_wa_Tengeru: Msimkimbize wote Ulaya jamani. DAAD, wale Wajerumani wa ufadhili wa masomo, wanafadhili PhD hapahapa Afrika, chuo cha Nelson Mandela pale Arusha maji ni fani yao kabisa. Angalia tu mastazi ulimaliza lini, wana ukomo wa miaka 6. Na akina dada wa sayansi waitazame OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea.

Fundi_Maji: Shukrani sana wakuu, dada hiyo ya bikaboneti naiiba. Mastazi nilimaliza miaka mitatu iliyopita, naingia. Jobbnorge nimeshaona moja ya maji taka, dedilaini Ijumaa, wanataka marefa wawili (watu wa kunidhamini) na mmoja wa kwangu hajapokea simu toka Jumatatu.

Dada_Kemia: Mfuate ofisini kaka, kaa mlangoni