Albamu ya milango ya Mji Mkongwe: ukurasa mzito, rangi imepauka, picha nyengine hazionekani

baraza_kiponda
Assalaam alaykum. Nina picha 180 za milango, Shangani mpaka Malindi, na chache za Ng'ambo. Nimezipanga kwa digiKam, programu ya kupanga picha, kwenye Windows na kutoa albamu ya wavuti kwa zana yake ya HTML Gallery. Kwenye kompyuta haina kasoro. Nikiipandisha kwenye seva, ukurasa unajivuta kwenye simu, rangi ya mbao imepauka, na picha 12 ni visanduku vitupu. Kamera ni megapikseli 24, picha moja kama MB 9. Nimekosea wapi?

fundi_wavuti
Waalaykum salaam. Picha 180 za MB 9 zapita GB 1.6, simu gani itastahamili? Umeacha albamu itumie picha asili. Kwenye mipangilio ya picha liondoe chaguo hilo, upande mrefu uwe pikseli 1600, ubora wa JPEG 80 hadi 85. Kijipicha pikseli 300 chatosha. Usishangae mlango wenye nakshi na misumari ya shaba kuwa mzito kuliko ukuta mtupu wa chokaa. JPEG haibani vizuri vitu vidogo vidogo.

Hizo 12, si ndizo za Ng'ambo? Ile alama ya juu (') ikiingia kwenye jina la faili, baadhi ya templeti hudhani jina limeishia hapo na kiungo hukatika. Andika ngambo. Sababu nyengine ni herufi kubwa na ndogo: Windows huona mlango.JPG na mlango.jpg ni kitu kimoja, seva ya Linux huona viwili. Kwa hiyo usibadilishe jina kwa mkono baada ya albamu kutoka. Badilisha kabla, ndani ya digiKam: chagua zote, F2, andika mlango-###. Reli tatu (###) hutoa 001, 002, 003. Ukiweka moja, 10 itakuja kukaa mbele ya 2. Mtaa na aina ya mlango viandike kwenye maelezo ya picha.

mwana_wa_wete
Rangi nayo ina sababu yake. Aghlabu kamera imewekwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi nyingi zaidi, na picha ikipoteza wasifu wake wa rangi kivinjari huisoma kama sRGB, mpangilio wa kawaida wa wavuti, ndipo mvule unapogeuka majivu. Geuza kwenda sRGB kwa Batch Queue Manager, zana ya digiKam ya kushughulikia picha nyingi kwa pamoja, kabla ya kutoa albamu.

Wengine hukimbilia ImageMagick, programu ya kubadilisha picha kwa amri za maandishi:

`magick mogrify -path wavuti -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 82 -strip *.jpg`

Ni nzuri, lakini ina mitego. Ukisahau -path inaandika juu ya picha zako asili, na hapo hakuna kurudi. Folda iitwayo wavuti uiunde kwanza. -auto-orient itangulie -strip, ama sivyo picha za wima zitalala ubavu. Na hiyo -strip ndiyo inayotupa wasifu wa rangi. Alama za kunukuu si pambo: bila ya hizo, > inageuka amri ya kumwaga matokeo kwenye faili.

baraza_kiponda
Kweli, zote 12 ni za Ng'ambo! Ahsanteni. Sasa nataka GPS, yaani alama ya mahali picha ilipopigwa, itoke, hii ni milango ya nyumba za watu, lakini hakimiliki ibaki. -strip si itafuta vyote?

fundi_wavuti
Itafuta vyote, yakhe. Usiitumie. Toa albamu kwa digiKam kama kawaida, kisha ingia ndani ya folda iliyotoka, uite ExifTool, programu ya kuhariri taarifa zilizofichwa ndani ya picha:

`exiftool -r -overwrite_original "-gps*=" .`

Hiyo nukta ya mwisho ni ya amri, usiiache. Bila ya -overwrite_original, programu huweka nakala ya kila picha yenye mwisho wa _original, na nakala hizo bado zina GPS. Ukipandisha folda nzima bila kuangalia, umezipandisha nazo.

mwana_wa_wete
Na waliokaa barazani waombe ruhusa kabla ya kuwaweka, GPS au bila GPS. Kwenye seva futa folda ya zamani yote kwanza, usipandishe juu yake, kisha ufungue ukurasa kwa Ctrl+F5. Kivinjari kinaweza kukuonesha zile za jana ukadhani hujarekebisha kitu.