Ulinganisho: uzi, vibrashi vidogo au kifaa cha maji kwa mwanafunzi wa bweni mwenye nyaya za meno?

MamaTumaini_Langata (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu mwenye umri wa miaka 14 atafungwa nyaya za meno likizo ya Agosti, kisha atarudi shule ya bweni. Daktari ametueleza kwamba matibabu yatachukua takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwamba meno yanaweza kunyooka na bado yakaharibika iwapo usafi utalegezwa. Nimetajiwa vifaa vitatu vya kusafishia mahali ambapo mswaki haufiki: uzi wa meno wenye ncha ngumu ya kupenyeza chini ya waya, vibrashi vidogo vyembamba, na kifaa cha umeme kinachorusha maji kwa kasi. Kila ninayemuuliza ana kipenzi chake. Bweni lao halina mahali pa kuchaji kitu chochote, maji ya bomba hukatika mara kwa mara, na kengele ya kuamka hulia kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Isitoshe, shangazi yake anashikilia kwamba tuachane na nyaya kabisa tuchukue trei za plastiki angavu zinazovuliwa wakati wa kula. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliovitumia vifaa hivi, si matangazo ya biashara.

Kamau_Kasarani

Mimi ni mtu mzima mwenye nyaya, na ninakitumia kifaa cha maji, kwa hiyo nitakisemea kwa haki. Kinafurahisha kukitumia, hung'oa nyuzi za sukuma wiki na vipande vya nyama vilivyojificha nyuma ya waya, na fizi zangu zilizokuwa zikivuja damu zimetulia tangu nianze. Hata hivyo kina masharti yake: tangi lake hujazwa maji safi kila mara, hutapakaza maji hadi ukutani mpaka mtu aizoee kazi, na siku za mgao wa maji hapa kwetu huwa nakitazama tu. Kwa bweni ulilolieleza, Mama Tumaini, sioni kitakavyofaa.

Msaidizi_wa_Kliniki

Mama Tumaini, mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno hapa mjini, na naona ni vyema tujue kwanza kinachosafishwa ni nini kabla ya kulinganisha vifaa. Kinachoharibu meno yaliyofungwa nyaya si hasa mabaki ya chakula yanayoonekana kwenye kioo, bali ni ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojishika kuzunguka kila breketi (kile kibati kidogo kinachogundishwa kwenye jino ili kishike waya), hasa upande wa ufizi. Bakteria hao hugeuza sukari kuwa asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, inaposhuka chini ya takriban 5.5, madini ya gamba la juu la jino huanza kuyeyuka. Matokeo yake ni madoa meupe kama chaki yanayoizunguka breketi, ambayo yanaweza kuanza kujitokeza katika muda wa takriban wiki 4 tu ikiwa ukoga umeachwa palepale. Aghalabu mgonjwa huyagundua siku breketi zinapobanduliwa, wakati kazi ya kunyoosha imekwisha na picha za tabasamu zimeanza kupigwa.

Sasa, ukoga hunata, na kinachoutoa kwa uhakika zaidi ni kusuguliwa. Ndiyo maana mimi hukiweka kibrashi kidogo mbele ya vile viwili. Hupenya chini ya waya kutoka juu na kutoka chini, husugua ubavu wa breketi ambao mswaki wa kawaida huuruka, hakihitaji umeme, na huoshwa kwa maji kidogo tu. Huuzwa kwa saizi mbalimbali, kwa hiyo mwombe daktari amwonyeshe binti saizi inayoingia bila kulazimishwa, kwa sababu kikubwa mno hupinda na kidogo mno hakisugui chochote. Uzi bado una nafasi yake pale meno yalipobanana kiasi kwamba kibrashi hakipiti, ila kwa mwenye nyaya ni kazi ya subira, maana hupenyezwa upya kila baada ya jino, na sijaona vijana wengi wanaodumu nao. Kifaa cha maji ni msaidizi mzuri wa fizi na wa mabaki ya chakula, lakini hakichukui nafasi ya mswaki.

Kuhusu mswaki wenyewe, uwe wa nyuzi laini, ulazwe kwa mshazari kwanza juu ya breketi ukielekea kwenye waya, halafu chini yake, na ubadilishwe mara unapoanza kuchanuka, bila kungoja ile miezi 3 ya kawaida, kwa kuwa breketi huuchakaza mapema. Wakati ambao hauna msamaha ni usiku kabla ya kulala, kwa sababu mate hupungua mtu anapolala na kinga ya meno hupungua pamoja nayo. Atumie dawa ya meno yenye floridi ya kiwango cha kati ya 1350 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni), nambari ambayo huandikwa kwenye tyubu. Akimaliza ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno.

BabaZawadi_Rongai

Nimekufuata vizuri mpaka hapo kwenye floridi. Sisi tulilea watoto Nakuru kabla ya kuhamia huku, na kila mmoja anajua jinsi maji ya visima vya Bonde la Ufa yalivyoyafanya meno ya watu kuwa ya kahawia. Hata hapa Nairobi kuna mitaa inayotegemea visima virefu ambavyo maji yake yana floridi nyingi. Itakuwaje tuongeze floridi juu ya floridi? Mimi huwanunulia wangu dawa ya mitishamba isiyo nayo.

Msaidizi_wa_Kliniki

Baba Zawadi, hofu yako ina msingi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kuwa mwisho kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima nchini vinavyokipita kwa mbali, ilhali maji ya mfereji yatokayo bwawa la Ndakaini, linaloilisha Nairobi, ni ya mito na yana floridi kidogo. Lakini madoa ya kahawia hutokea jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, mtoto anapoimeza floridi nyingi kwa muda mrefu katika miaka yake ya mwanzo, hasa kabla ya kufikisha miaka 8. Meno ya mbele ya binti wa miaka 14 yalikwisha kuundwa zamani, kwa hiyo dawa anayoipaka na kuitema haiwezi kuyapaka rangi hiyo. Kinyume chake, dawa isiyo na floridi humwacha bila kinga wakati ambapo hatari ya kuoza imeongezeka. Kama ana mdogo wake ambaye bado ana meno ya utotoni, hapo ndipo pa kupima kiasi cha dawa kwenye mswaki na kumsimamia asiimeze.

Jambo moja zaidi: kama binti tayari ana madoa ya namna hiyo, daktari ayaone na kuyapiga picha kabla ya kubandika breketi. Meno yaliyoathiriwa na floridi wakati mwingine hayashiki gundi vizuri, na picha hizo zitaondoa ubishi baadaye kuhusu doa lipi lilikuwapo na lipi limeletwa na ukoga.

Halima_Eastleigh

Nimjibu shangazi, maana mimi ndiye mwenye trei. Kwa usafi, ni kweli kwamba zina nafuu kubwa: unazivua, unapiga mswaki na kupitisha uzi kama mtu asiye na chochote kinywani, na breketi ya kung'oka haipo. Gharama ya nafuu hiyo ni nidhamu. Trei hutakiwa kukaa kinywani saa 20 hadi 22 kwa siku, na kinachoruhusiwa kunywewa zikiwa zimevaliwa ni maji tu. Chai ya maziwa yenye sukari ikiingia ndani ya trei hubaki imeyakumbatia meno bila mate kuifikia, na hilo ni baya kuliko kuinywa bila trei. Anayependa kunywa chai kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kama tulivyo wengi, atapata shida. Zioshwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kwa mswaki laini. Maji ya moto huzipinda na hazitaingia tena. Manjano ya mchuzi huzitia trei rangi, meno yasiposafishwa kabla ya kuzivaa.

Kwa mtoto wa bweni, dada, nadhani nyaya ni salama zaidi kwa sababu moja ndogo: haziwezi kusahaulika juu ya meza ya chakula. Trei iliyofungwa kwenye karatasi ya kupangusia mikono hutupwa na anayefagia, na hana kosa.

Kuhusu mswaki wa mti, ambao hapa kwetu huuzwa kila kona, mimi ninauendeleza kwa kuwa meno yangu hayana breketi. Wa nyaya asiutegemee, kwani husugua uso wa jino lakini haupiti chini ya waya.

MamaTumaini_Langata

Nawashukuru sana. Basi kibrashi kimeshinda kwa upande wangu. Swali langu la mwisho ni chakula, kwa sababu githeri shuleni ni siku kadhaa kwa wiki, na hakuna anayempikia mtu wake peke yake.

Mwalimu_Bweni

Mama Tumaini, nimesimamia bweni na wasichana wenye nyaya si wageni kwangu. Mwombe daktari barua fupi ya kuieleza shule hali yake, maana bila barua hata vibrashi na nta ya kufunikia ncha za waya vinaweza kutiliwa shaka kwenye ukaguzi wa masanduku. Githeri iliyoiva vizuri haina neno; tatizo ni punje za mahindi zilizobaki ngumu, na hizo azitenge pembeni mwa sahani. Mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa ya nyama choma, bisi, njugu na kashata aviache kabisa, na chingamu vilevile. Mabuyu yanastahili kutajwa peke yake kwa sababu wasichana huyapenda: kokwa zake hung'oa breketi, sukari yake hunata, na rangi yake nyekundu huingia kwenye vipira vinavyoufunga waya kwenye breketi. Tofaa na karoti zikatwe vipande vidogo kwanza. Ugali, wali, maharagwe, ndizi na chapati laini havina shida. Kama anacheza hoki, aulizie kinga ya meno ya michezo inayofaa juu ya nyaya. Ile ya kawaida ya kujiundia kwa maji moto hushika breketi.

Katika mkoba wake aweke miswaki miwili, vibrashi, dawa ya meno, kioo kidogo, nta, na nambari ya simu ya kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu hana.

Kamau_Kasarani

Na waya ukichomoza na kumchoma shavu usiku?

Msaidizi_wa_Kliniki

Akaushe ncha hiyo kwa kitambaa safi, abane kipande cha nta cha ukubwa wa punje ya dengu, akibandike juu yake, kisha asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu ikiwa shavu limechubuka. Ncha nyembamba inaweza kusukumwa taratibu kuelekea kwenye jino kwa kifutio kipya cha penseli. Breketi iliyobanduka lakini bado inaning'inia kwenye waya iachwe hapo hapo, asijaribu kuing'oa, na kliniki ipigiwe simu siku inayofuata bila kungoja miadi, kwa kuwa jino hilo halisogezwi tena inavyotakiwa. Ikiwa kipande kimepotea na ameanza kukohoa au kupumua kwa shida, hilo si la kliniki ya meno. Apelekwe hospitali mara moja.