Kocha wa sale aruhusiwe kutuuzia unga wa protini na vidonge? Mjadala wa Bukavu

Mwanzilishi wa mjadala, Ibanda

Ndugu zangu wa Bukavu, naleta swali ambalo tumelinong'ona muda mrefu kwenye sale zetu za michezo, kuanzia Kadutu hadi Nguba. Yule anayetusimamia kwenye vyuma, aruhusiwe pia kutuuzia unga wa protini, na vile vidonge vya "kujaza mwili"? Msimamo wangu nautoa mapema: asiruhusiwe. Anayekuambia mwili wako umepungukiwa asiwe ndiye anayepata faida ukimwamini.

Biashara hii imesimama juu ya maneno mawili tunayoyasikia kila jioni. La kwanza: "Bila kuungua hakuna misuli." La pili: "Una nusu saa tu ya kunywa unga, ikipita umetoka jasho bure."

Nianze na kuungua. Misuli ikifanya kazi kali kwa mfululizo, huvunja sukari yake kwa njia ya mkato isiyongoja oksijeni. Hapo lakteti (ile ambayo wengi huiita "asidi" ya misuli) inatengenezwa, ioni za hidrojeni zinalundikana, ndani ya misuli kunakuwa na uchachu, na neva zinapeleka habari hiyo kichwani kama moto. Ukipumzika moto unatulia baada ya dakika chache, na lakteti huwa imepungua kabisa kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Wala si takataka: moyo huitumia kupata nguvu, na ini huirudisha kuwa sukari, katika mzunguko unaobeba jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kwa hiyo maumivu ya kesho yake, yale yanayomfanya mtu ashuke ngazi za Kadutu akishika ukuta, hayatokani na "asidi iliyobaki". Yanatokana na michubuko midogo kwenye nyuzi za misuli, hasa wakati wa kushusha uzito, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72.

Kinachoikuza misuli hasa ni mkazo: nyuzi kulazimika kuvuta kwa nguvu karibu zote zilizo nazo. Mtu anaweza kufanya marudio 6 kwa chuma kizito, akapumzika dakika 3, akarudia, na akajenga kifua bila kusikia moto wowote. Mwingine ataruka kamba hadi mapaja yawake, na mapaja yabaki vilevile.

Na hiyo nusu saa? Mwaka 2013 watafiti Schoenfeld, Aragon na Krieger walizikusanya tafiti zilizokuwepo, wakakuta kwamba ukishahesabu jumla ya protini ambayo mtu amekula kwa siku, faida ya kuinywa mara tu baada ya mazoezi inatoweka. Misuli iliyofanya kazi huendelea kujijenga kwa saa 24 na zaidi. Chakula cha jioni nyumbani kinaikuta bado inasubiri.

Kiasi chenyewe kinajulikana. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 49 ulionyesha kwamba, kwa wastani, zaidi ya gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, misuli haionyeshi faida ya ziada. Kijana wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Gramu 300 za maharage yaliyopikwa zinampa karibu 26. Gramu 50 za sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, zinampa karibu 30. Karanga gramu 50, kama 13. Uji wenye gramu 50 za unga wa soya, kama 18. Mayai matatu, 18. Tayari amefika, na vyote vinapatikana soko la Kadutu. (Sambaza hawakuwa wa Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angeweza kuwaza Bukavu bila sambaza?)

Naomba maoni, hasa ya makocha.

Kocha, Kadutu

Mkubwa, asante kwa kuanza kwa heshima. Lakini umeongea kama mtu wa sale yenye vyuma vya Ulaya. Haltere zangu ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Kwa uzito huo, marudio 6 ni kupoteza muda. Kijana wangu lazima afike 25 au 30, na njiani ataungua tu. Sayansi iko pia upande wangu: mwaka 2012 kuna utafiti uliolinganisha watu wanaonyanyua asilimia 30 ya uwezo wao hadi kushindwa na wanaonyanyua asilimia 80, na mapaja yao yalikua karibu sawa. Sasa nikimwambia "endelea mpaka iungue", nimekosa wapi?

Kuhusu unga: wanaofanya mazoezi kwangu hulipa kwa siku, na mvua ikinyesha hawaji. Unga ndio unaolipa kodi ya chumba. Ukinikataza, sale inafungwa na vijana wanarudi kukaa barabarani. Hilo pia liwekwe kwenye mizani. Na hayo mayai matatu ya kila siku, mkubwa, nani anayanunua?

Mwanzilishi wa mjadala

Kocha, nimekusikia, na juu ya uzito mdogo tuko pamoja. Lakini angalia neno ulilolitumia mwenyewe: *hadi kushindwa*. Kuungua kunatangulia kushindwa, tena kwa mbali, na wengi huishia hapo kwa sababu ndiko walikofundishwa kwamba ni mwisho. Wengine wanautafuta moto kwa njia za udanganyifu: pompe (pushapu) za haraka, nusu nusu, kiuno kimelegea, kifua hakikaribii sakafu. Mikono inawaka kweli, kifua hakijafanya kazi.

Mfundishe ashuke akihesabu mpaka tatu, kifua kifike chini, mwili unyooke kutoka bega hadi kisigino, viwiko visitawanyike pembeni. Aendelee hata moto ukiwaka, asimame pale anapobakiwa na rudio moja au mawili safi. Pompe zikiwa rahisi, miguu ipande juu ya benchi, au avae mkoba wenye mawe mgongoni. Skwati zikiwa rahisi, afanye kwa mguu mmoja. Aandike alichofanya, na wiki inayofuata aongeze hata rudio moja. Kwa kila sehemu ya mwili, seri (raundi za marudio) 10 hivi kwa wiki, zikigawanywa siku mbili, ni msingi mzuri. Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji kopo.

Na kopo lenyewe lina nini? Mwaka 2004 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha matokeo ya kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13: 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Ikiwa ilikuwa hivyo madukani kwao, mimi na wewe tunajuaje cha ule unga unaopimwa kwa kijiko kwenye mfuko wa plastiki?

Mbeba mizigo, Beach Muhanzi

Mimi sina sale. Nabeba magunia kutoka bandarini kupanda juu, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Misuli inaungua toka asubuhi. Kama kuungua ndiko kunakojenga, mimi na wenzangu tungekuwa tumevimba kama wale wa picha za ukutani. Tuna nguvu, tuna uvumilivu, lakini mwili haujai. Gunia ni lilelile na njia ni ileile, hakuna kinachoongezeka. Tena ninakula mara moja, jioni, bugali wa muhogo na sombe. Nguvu zote zimeishia mlimani.

Ndugu mwanzilishi, hesabu yako ya gramu 104 ni nzuri, ila mnaobishana juu ya unga mnabishana ninyi wenye pesa ya kuchagua. Swali langu mimi: nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu cha kuongeza, niongeze nini?

Mwanzilishi wa mjadala

Ndugu yangu, swali lako linapaswa kuwa juu ya yote haya. Ongeza maharage, na ukipata kidogo zaidi, sambaza wakavu au ndagala wa Uvira. Muhogo unakupa nguvu ya kubeba lakini protini yake ni ndogo mno. Unga wa mahindi unauzidi, na mahindi na maharage vinakamilishana, kila kimoja kikileta kile ambacho kingine kimepungukiwa. Na ukiweza kuweka kitu tumboni asubuhi, hata uji wenye karanga zilizosagwa, usingoje jioni. Kwa mtu wa kazi yako, wingi wa chakula ndio wa kwanza. Protini ikikosa nguvu nyingine pembeni yake, mwili unaichoma hiyohiyo.

Muuguzi, Bagira

Mnaongea sana juu ya unga, mimi kinachonikosesha usingizi ni vidonge. Vile vinavyouzwa "kujaza mwili" mara nyingi ni deksamethazoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, pengine pamoja na siproheptadini. Hii ya pili ni dawa ya mzio, inaleta njaa na usingizi. Deksamethazoni inaleta njaa pia, inashika maji, inajaza uso na tumbo, na kijana anajitazama kwenye kioo akidhani amepata mwili. Wakati huohuo dawa ileile inavunja protini ya misuli, hasa ya mapaja na mabega. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na kinga. Na aliyeimeza muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimezoea kutofanya kazi. Kwa hiyo kocha anayemuuzia mwanafunzi wake kidonge hiki anamuuzia kitu kinachobomoa kilekile alichokuja kujenga. Sindano sizisemi sana: homoni zenyewe zinaharibu moyo na uzazi, na sindano ya kushirikiana inaleta homa ya ini ya B na virusi vya UKIMWI.

Jambo lingine kwa makocha. Mtu mpya akilazimishwa siku ya kwanza kuungua mpaka achanganyikiwe, kisha mkojo wake ukatoka mweusi kama chai kavu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Msimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, akalale.

Dada wa Nguba

Mbona mnaongea kama sale ni ya wanaume peke yao? Vidonge hivyo sisi ndio tunaouziwa zaidi, kwa ajili ya makalio na mashavu. Lakini, yaya mwanzilishi, sikubaliani nawe moja kwa moja. Ukimkataza kocha, dada ataenda kwa yule mwenye sanduku la dawa barabarani, ambaye hamjui na hatamwona tena. Kocha angalau anabaki, ukipata shida unajua pa kumkuta. Afadhali auze mbele ya watu, kopo likiwa limefungwa, kuliko auze gizani.

Mwanzilishi wa mjadala

Dada, hoja yako ina uzito, nami naigawa. Kwa kopo lililofungwa, naweza kukuelewa. Kwa vidonge na sindano, kuuza mbele ya watu kunavipa heshima visivyostahili: msichana atasema kocha anavijua, basi ni salama. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenye sale liwe hili: vidonge na sindano visiingie mlangoni kabisa. Unga usipimwe kwa kijiko wala usiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18. Na kocha anayetaka kipato auze uji wa soya na karanga, mayai ya kuchemsha, sambaza. Hivyo kila mtu anaviona anavyokula.

Kocha, Kadutu

La vidonge nalikubali, na muuguzi nitamkaribisha aje aongee na vijana wangu siku atakayotaka. Uji nitaujaribu, mke wangu anaujua vizuri. Lakini unga nitaendelea kuuza, kopo zima lililofungwa, kwa mtu mzima anayeutaka. Anayeona nakosea anionyeshe kwanza kodi ya chumba italipwa na nani.