Naomba ushauri: alama ya hali ya mto na ziwa tuitoeje?

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha kayaki na kuogelea kinataka kutoa alama ya hali ya maji kila wikiendi, watu wajue kama watoke au wabaki nyumbani.

Kwa mto kuna viwango vya kimataifa, daraja la I (rahisi) hadi la VI (gumu kabisa), lakini hivyo hupima ugumu wa sehemu ya mto, si hali ya leo. Mvua ikinyesha usiku huko juu, asubuhi daraja la II lina maji ya kahawia, magogo yanaelea, na lile jiwe tunalolitazama kupimia kina limezama kabisa. Namba ibaki ileile?

Ziwa ndilo linanichanganya zaidi. Upepo tunausoma kwa kipimo cha Beaufort, namba 0 hadi 12 za nguvu ya upepo; povu jeupe likionekana mara kwa mara juu ya mawimbi, yaani namba 4, wanaojifunza hawaingii. Ila ziwa laweza kutulia tuli huku ufukweni kuna utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, mwani unaoweza kuwa na sumu.

Niweke alama moja, au mkondo, upepo, usafi na baridi kila kimoja kivyake? Binafsi naona wastani unadanganya, afadhali kigezo kibaya kuliko vyote ndicho kiamue. Wazoefu, nyie mnafanyaje?